Watumwa Walioishinda Ufaransa: Mapinduzi ya Haiti na Viongozi Wake

Kati ya mwaka 1791 na mwaka 1804, katika koloni la Kifaransa lililoitwa Saint-Domingue, ambalo leo ni nchi ya Haiti katika bahari ya Karibi, watu waliokuwa wakinunuliwa na kuuzwa kama mifugo waliuvunja utumwa kwa mikono yao wenyewe, wakayatoa majeshi ya Hispania na Uingereza, wakalishinda jeshi ambalo Napoléon Bonaparte alilituma kuwarudisha mashambani, na hatimaye wakatangaza dola yao huru. Katika historia inayojulikana hakuna maasi mengine ya watumwa yaliyofikia hatima hiyo. Toussaint Louverture, Jean-Jacques Dessalines na Henri Christophe, majenerali walioongoza vita hivyo, wanastahili kutajwa pamoja na wote walioubadili mkondo wa historia ya dunia. Lakini ukubwa wao hauwezi kupimwa sawasawa bila kuwatazama watu waliowafuata, kwa sababu zaidi ya mara moja viongozi hao walikuwa tayari kuridhika na nusu ya uhuru, na waliokataa ni wafuasi wao, wengi wao wasiojua kusoma wala kuandika, ambao majina yao hayakuhifadhiwa katika daftari lolote ila lile la mali ya bwana wao.

Saint-Domingue ilikuwa theluthi ya magharibi ya kisiwa cha Hispaniola, ambayo Hispania iliiachia Ufaransa kwa Mkataba wa Ryswick wa mwaka 1697. Haikupita karne moja kabla sehemu hiyo haijawa koloni tajiri kuliko yote ya Wazungu katika Amerika: ilipofika mwaka 1789 ilikuwa ikitoa karibu asilimia 40 ya sukari iliyotumiwa Ulaya na zaidi ya nusu ya kahawa ya dunia. Utajiri huo ulitokana na jasho la watumwa wapatao 500,000, waliotawaliwa na Wazungu wasiozidi 40,000, na kati ya makundi hayo mawili walikuwapo watu huru wenye asili ya Kiafrika, wengi wao machotara, waliokaribia 30,000.

Shamba la miwa lilikuwa vilevile kiwanda. Kwa kuwa muwa uliokatwa huanza kuharibika upesi, wakati wa mavuno vinu vya kukamulia vilizunguka mchana na usiku, na watumwa walipokezana zamu wakiwa wamechoka kiasi cha kusinzia mbele ya magurudumu ya chuma; aliyenaswa vidole alivutwa mkono mzima, na katika mashamba mengi ya Karibi paliwekwa panga kando ya kinu ili mkono ukatwe kabla mwili haujafuata. Juisi ilipokamuliwa ilichemshwa katika masufuria makubwa yaliyopangwa mstari mmoja, na huko nako watu waliungua. Aliyesimamia kazi shambani, akiwa na mjeledi mkononi, alikuwa nyapara, ambaye mara nyingi naye alikuwa mtumwa. Sheria iliyojulikana kama Kanuni ya Weusi, iliyotolewa na Mfalme Louis wa 14 mwaka 1685, ilimtaka bwana awabatize na kuwalisha watumwa wake, lakini sheria hiyohiyo iliamuru kwamba mtoro aliyekosekana mwezi mmoja akatwe masikio na kupigwa chapa ya moto begani, akirudia akatwe mshipa wa mguu, na mara ya tatu auawe.

Katika hali hiyo vifo vilizidi vizazi kila mwaka, na wenye mashamba walipiga hesabu kwamba kununua mtu mpya kulikuwa nafuu kuliko kumtunza aliyekuwapo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1780 meli zilikuwa zikishusha watu 30,000 na zaidi kwa mwaka. Matokeo yake, ambayo wenye mashamba hawakuyatafakari, ni kwamba wazalia, yaani watumwa waliozaliwa palepale kisiwani, walikuwa wachache kuliko waliozaliwa Afrika na kuonja uhuru kabla ya kuupoteza. Wengi wa hao walitoka katika ufalme wa Kongo, kaskazini mwa Angola ya leo, ambako vita vya kugombea kiti cha enzi vilikuwa vimewazoesha vijana bunduki na mbinu za kushambulia na kutawanyika. Wengine walitoka pwani ya Benin, na wengine pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Jean-Vincent Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, na ingawa biashara hiyo ilielekea zaidi Mauritius na Réunion, meli za Kifaransa zilizopakia watu Msumbiji zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue. Kwa hiyo damu iliyomwagika kwa ajili ya uhuru wa Haiti ilikuwa pia ya watu wa mwambao huu.

Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yalipotangaza kwamba binadamu wote huzaliwa huru na wenye haki sawa, kila tabaka la koloni liliyatafsiri maneno hayo kwa faida yake. Wazungu matajiri walitaka kujitawala wenyewe, Wazungu maskini walitaka kuwa sawa na matajiri, na watu huru wenye asili ya Kiafrika, ambao baadhi yao walimiliki mashamba na watumwa, walitaka kuwa sawa na Wazungu. Mmoja wao, Vincent Ogé, aliongoza maasi madogo mwaka 1790 bila kudai uhuru wa watumwa, na Februari 1791 alivunjwavunjwa viungo hadharani katika mji wa Cap-Français. Mabishano hayo yote yalifanyika mezani na barabarani mbele ya wapishi, watumishi na waendesha magari ya farasi, kana kwamba watu hao hawakuwa na masikio.

Agosti 1791 wajumbe wa watumwa kutoka mashamba mengi ya uwanda wa kaskazini walikutana kupanga maasi, na mahali paitwapo Bois Caïman wakafanya ibada ya kuiomba mizimu na kula kiapo. Aliyewaongoza, Dutty Boukman, alikuwa amewahi kuwa nyapara na mwendesha gari, yaani mtu mwenye ruhusa ya kutembea kutoka shamba moja hadi jingine; pamoja naye, kwa mapokeo ya Haiti, alikuwapo kuhani mwanamke aitwaye Cécile Fatiman. Usiku wa tarehe 22 Agosti mashamba yalianza kuwaka, na katika majuma machache mamia ya mashamba ya miwa na kahawa yalikuwa yamegeuka majivu. Boukman aliuawa Novemba mwaka huohuo na kichwa chake kikatundikwa mjini, lakini moto aliouwasha haukuweza tena kuzimwa.

Baada ya kifo chake uongozi uliwaangukia Jean-François na Georges Biassou, na hapo lilijitokeza jambo ambalo lingejirudia katika vita vyote. Mwishoni mwa mwaka 1791 viongozi hao waliomba amani kwa masharti madogo ya kushangaza: wao pamoja na maofisa wao wachache wapewe uhuru, nao wawarudishe maelfu ya wapiganaji mashambani. Makubaliano hayo hayakufikiwa, kwanza kwa sababu Baraza la Wazungu wa koloni liliyapuuza kwa dharau, na pili kwa sababu wapiganaji wa kawaida walikwisha kuonyesha kwamba hawangekubali kurudi. Miongoni mwa waliosaidia kuandika masharti hayo alikuwapo katibu wa Biassou, mtu mfupi, mwembamba, mwenye umri wa karibu miaka 48, aliyeitwa Toussaint.

Toussaint alizaliwa karibu mwaka 1743 katika shamba la Bréda, jirani na Cap-Français, na kwa mapokeo ya familia baba yake alitekwa kutoka Allada, katika nchi ambayo leo ni Benin. Alijifunza dawa za miti, akatunza mifugo na kuendesha gari la msimamizi wa shamba, na kufikia mwaka 1776 alikuwa amekwisha kupewa uhuru. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba baadaye alikodi shamba la kahawa pamoja na watumwa wake. Ukweli huu haupaswi kufichwa na wanaompenda, kwa maana ndio unaoeleza tabia yake ya kisiasa: alikuwa mtu aliyezijua pande zote mbili za mjeledi, aliyeweza kuzungumza na jenerali wa Kizungu na mganga wa Kiafrika kwa adabu ileile, na aliyeamini hadi mwisho wake kwamba uhuru hauwezi kudumu pasipo mashamba makubwa yanayouza sukari nje.

Mwaka 1793 Ufaransa iliingia vitani na Hispania na Uingereza, na kila dola ikautamani utajiri wa Saint-Domingue. Toussaint, kama Jean-François na Biassou, alijiunga na Wahispania waliotawala upande wa mashariki wa kisiwa. Kamishna wa Kifaransa, Léger-Félicité Sonthonax, akiwa amezingirwa na maadui kila upande na akijua kwamba nguvu pekee inayoweza kumwokoa ni ya watumwa, alitangaza uhuru wa watumwa wote wa kaskazini tarehe 29 Agosti 1793. Wajumbe wa koloni walipofika Paris, mmoja wao akiwa Jean-Baptiste Belley, mtu mweusi aliyezaliwa Senegali na kujinunua kutoka utumwani, Bunge la Ufaransa liliufuta utumwa katika makoloni yote tarehe 4 Februari 1794. Vitabu vingi huisifu Paris kwa uamuzi huo, na sifa hiyo ina haki yake. Hata hivyo bunge lilitia muhuri jambo ambalo mapanga ya watumwa yalikuwa yamekwisha kulitekeleza.

Mei 1794 Toussaint aliwaacha Wahispania, ambao utumwa wao ulikuwa palepale, akahamia upande wa Ufaransa. Kwa miaka minne alipigana na Waingereza, waliotuma vikosi kwa vikosi na kupoteza maelfu ya askari, wengi wakiuawa na homa ya manjano, ugonjwa unaoenezwa na mbu ambao huwaua zaidi wageni wasio na kinga. Mwaka 1798 Jenerali Thomas Maitland alitia saini makubaliano na Toussaint na kuondoka. Kisha Toussaint, akiwa na Dessalines kama kamanda wake mkali kuliko wote, alimshinda mpinzani wake wa kusini, André Rigaud, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1799 na 1800, na Januari 1801 akautwaa upande wa mashariki. Mtu aliyezaliwa mtumwa akawa mtawala wa kisiwa kizima.

Katiba aliyoitoa mwaka 1801 ilisema kwamba utumwa umekomeshwa milele katika nchi hiyo, na kwamba kila mtu, awe na rangi yoyote, anaweza kushika kazi yoyote. Sheria kama hiyo ilikuwa adimu wakati huo katika Amerika, na hata kule Marekani katiba ya uhuru ililindwa na mabwana wenye watumwa. Lakini katiba hiyohiyo ilimfanya Toussaint kuwa gavana wa maisha, na amri zake za kazi ziliwafunga wakulima katika mashamba yao ya zamani chini ya usimamizi wa askari. Mjeledi ulipigwa marufuku na wafanyakazi walipewa robo ya mazao, ila hawakuruhusiwa kuondoka, wala kununua vipande vidogo vya ardhi na kujilimia chakula. Kwa Toussaint, uhuru ulimaanisha kutomilikiwa na mtu. Kwa wakulima, ulimaanisha pia kuwa na ardhi yako na kuamka kwa amri yako. Oktoba 1801 wakulima wa kaskazini waliasi, na Toussaint akaamuru Jenerali Moïse, aliyemlea kama mpwa wake na ambaye aliwahurumia wakulima hao, apigwe risasi. Hili lilikuwa kosa lake kubwa kuliko yote, kwa sababu lilifanyika miezi michache tu kabla hajawahitaji watu haohao kuliko wakati mwingine wowote.

Napoléon, ambaye wakati huo alikuwa mtawala wa Ufaransa kwa cheo cha Konsuli wa Kwanza, aliazimia kulirudisha koloni mikononi mwake, akamtuma shemeji yake, Jenerali Charles Leclerc, na meli ambazo zilianza kufika mwishoni mwa Januari 1802. Ukijumlisha na walioongezwa baadaye, askari waliovuka bahari walizidi 30,000. Leclerc alikuwa na maagizo ya kuwabembeleza majenerali weusi kwanza, kisha kuwakamata na kuwasafirisha, na aliwaleta wana wawili wa Toussaint waliokuwa wakisoma Ufaransa ili wamlainishe baba yao. Isaac alichagua Ufaransa, na Placide, ambaye alikuwa mwana wa kambo, alichagua kupigana upande wa aliyemlea. Christophe aliuchoma mji wa Cap-Français, nyumba yake mwenyewe ikiwa miongoni mwa zilizoteketea, badala ya kuukabidhi. Mwezi Machi, katika ngome ya Crête-à-Pierrot, Wafaransa walipoteza zaidi ya askari 1,000 mbele ya walinzi wachache kuliko wao.

Hata hivyo Christophe alijisalimisha mwezi Aprili, akafuatwa na Toussaint na Dessalines, nao wakaahidiwa kubaki na vyeo vyao. Tarehe 7 Juni 1802 Toussaint aliitwa na jenerali wa Kifaransa kwa mazungumzo, akakamatwa, akapakiwa melini, na kufungwa katika ngome ya Joux, kwenye milima ya Jura yenye baridi kali, ambako alikufa tarehe 7 Aprili 1803 bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.

Hapa ndipo historia iliyozoea kuwatazama wakubwa tu hupotea njia. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1802 karibu majenerali wote mashuhuri walikuwa wakiitumikia Ufaransa, na Dessalines mwenyewe aliwawinda waasi kwa niaba ya Leclerc. Miongoni mwa waasi hao, Charles Bélair na mke wake Sanité, aliyekuwa ofisa wa jeshi, walikamatwa na kuuawa mwezi Oktoba. Vita havikukoma kwa sababu milimani walikuwapo viongozi wengine, wengi wao wazaliwa wa Afrika, kama Jean-Baptiste Sans-Souci, Macaya na Sylla, ambao walipigana wakati majenerali hao wakiitumikia Ufaransa. Walipigana kwa vikundi vidogo, wakashambulia usiku na kutoweka, wakaungwa mkono na wakulima waliokataa kuzisalimisha bunduki zao. Zilipofika habari kwamba Wafaransa wamerudisha utumwa katika kisiwa cha Guadeloupe, ambako Louis Delgrès na wenzake walijilipua kwa baruti Mei 1802 badala ya kutekwa, kila mtu alielewa Leclerc amekuja kufanya nini. Leclerc alimwandikia Napoléon kwamba ingebidi kuwaua weusi wote wa milimani, wanaume kwa wanawake, wabakizwe watoto wasiofikia miaka 12 tu. Mwezi Oktoba Alexandre Pétion, mmoja wa maofisa walioitumikia Ufaransa, aliuacha upande huo, Christophe na Dessalines wakamfuata, na Novemba Leclerc akafa kwa homa ya manjano. Mrithi wake, Rochambeau, aliagiza mbwa wa kurarua watu kutoka Kuba na kuwazamisha mateka baharini, na kila ukatili wake uliwaongezea waasi wafuasi.

Mei 1803, mjini Arcahaie, Dessalines alikubaliwa kuwa amiri jeshi mkuu, na katika mkutano huo, kama Wahaiti wanavyosimulia, aliichana sehemu nyeupe ya bendera ya Ufaransa na kuacha buluu na nyekundu. Tarehe 18 Novemba 1803, katika kilima cha Vertières, jeshi lake lilipanda chini ya mvua ya mizinga hadi Rochambeau akaomba kusalimu amri. Tarehe 1 Januari 1804, mjini Gonaïves, Dessalines alitangaza uhuru wa nchi na kuipa jina ambalo wenyeji wa asili, walioangamizwa na Wahispania, walikuwa wakiliita eneo lao. Sans-Souci hakuiona siku hiyo: Christophe, ambaye hakusahau kwamba mtu huyo wa Kongo aliendelea kupigana wakati yeye amejisalimisha, alimvuta katika mkutano wa hila na kumuua. Baadaye Christophe alijenga kasri kubwa lililobeba jina hilohilo la Sans-Souci.

Dessalines ni mgumu kupendwa na hawezi kuachwa. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1804 aliamuru kuuawa kwa Wafaransa waliobaki, wakiwamo wanawake na watoto, na maelfu walikufa. Lilikuwa ni kosa la jinai, na maelezo kwamba Ufaransa ilikuwa bado na nia ya kurudi hayatoshi kulihalalisha. Lakini waandishi wa Ulaya walilitaja tendo hilo kwa karne mbili kuwa ndilo sura ya Haiti, huku barua ya Leclerc na mbwa wa Rochambeau wakiachwa katika tanbihi. Dessalines huyohuyo aliwapokea kuwa raia wanajeshi wa Kipolandi waliomkimbia Napoléon, na katiba yake ya mwaka 1805 iliwatambua Wahaiti wote, pamoja na Wapolandi hao, kuwa watu weusi mbele ya sheria. Aliuawa na maofisa wake tarehe 17 Oktoba 1806, alipokuwa akitaka hati za ardhi zikaguliwe upya. Nchi iligawanyika: Christophe alitawala kaskazini na kujenga ngome kuu ya Laferrière kwa kazi ya lazima, na Pétion alitawala kusini, ambako kuanzia mwaka 1809 aligawa ardhi kwa askari. Taratibu mashamba makubwa yalivunjika, na wakulima wakapata kile walichokidai tangu mwanzo, shamba dogo la familia.

Dunia nayo haikubaki ilivyokuwa. Napoléon, ambaye aliihesabu Louisiana kuwa ghala la kuilisha Saint-Domingue, aliona haina maana tena kwake, na tarehe 30 Aprili 1803 akaiuza kwa Marekani kwa dola milioni 15, nchi ambayo kwa mauzo hayo iliongezeka karibu mara mbili kwa ukubwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba sehemu ya ardhi hiyo ilijazwa watumwa wapya. Simón Bolívar, aliyekuwa amefukuzwa Venezuela, alifika Haiti mwishoni mwa mwaka 1815, na Pétion akampa bunduki, baruti na meli kwa sharti moja, kwamba awaachie huru watumwa wa nchi atakazozikomboa. Mjini Havana, mwaka 1812, wapelelezi walipompekua José Antonio Aponte, fundi seremala mweusi aliyeshtakiwa kwa kupanga maasi, waliambiwa kwamba alikuwa akiwaonyesha wenzake picha za viongozi wa Haiti. Kila mwenye watumwa kuanzia Virginia hadi Brazil aliishi akilihofia jina hilo.

Kwa hiyo Haiti ilipaswa kuadhibiwa. Marekani ilikataa kuitambua hadi mwaka 1862. Mwaka 1825 Mfalme Charles wa 10 wa Ufaransa alituma meli 14 za kivita na amri kwamba Haiti itatambuliwa ikilipa faranga milioni 150 kama fidia kwa waliokuwa wamiliki wa mashamba, fidia ambayo katika hesabu yake thamani ya binadamu waliojikomboa ilijumuishwa na thamani ya ardhi. Rais wa Haiti, Jean-Pierre Boyer, alikubali. Ili kulipa sehemu ya kwanza, Haiti ilikopa faranga milioni 30 kutoka mabenki ya Paris, ambayo yalikata milioni 6 kabla ya kutoa fedha, na hivyo nchi ikawa na madeni mawili, la fidia na la mkopo. Jumla ya fidia ilipunguzwa mwaka 1838 hadi milioni 90, lakini mikopo iliyotokana nayo ilizaa mikopo mingine, na deni la mwisho la ukoo huo lilimalizwa mwaka 1947. Kwa zaidi ya miaka 120 kodi ya kahawa ya mkulima wa Haiti, mjukuu wa mtumwa, ilisafirishwa kwenda kwa warithi wa bwana wake na kwa mabenki, badala ya kujenga shule na barabara. Marekani nayo iliikalia nchi hiyo kijeshi kuanzia mwaka 1915 hadi mwaka 1934, baada ya wanamaji wake kuchukua dhahabu ya benki ya taifa na kuipeleka New York.

Ukimya uliofuata katika vitabu haukuwa wa bahati mbaya. Mwanahistoria wa Haiti, Michel-Rolph Trouillot, ameeleza kwamba mapinduzi hayo yalikuwa nje ya uwezo wa fikra za Wazungu hata wakati yalipokuwa yakitokea, kwa maana hawakuamini kwamba mtumwa anaweza kuutaka uhuru na kuupanga. Waliouvunja ukimya huo walikuwa wana wa Afrika wenyewe. Italia ilipoivamia Uhabeshi mwaka 1935, Alfred Nemours, mjumbe wa Haiti katika Shirikisho la Mataifa, aliyaonya mataifa kwamba kila moja lao laweza siku moja kuwa Uhabeshi ya jingine. Mjini London, katika chama kilichoundwa kuitetea nchi hiyo, C. L. R. James wa Trinidad alifanya kazi pamoja na Jomo Kenyatta, na mwaka 1938 akachapisha kitabu chake kuhusu Toussaint, akikusudia kuonyesha kwamba Waafrika walio chini ya ukoloni wataufikia ushindi wao wenyewe.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wameisikia Haiti kwa mara ya kwanza Juni 2024, polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince kupambana na magenge ya silaha, na habari zilizowafikia zilikuwa za njaa na risasi. Nchi hiyo haikuzaliwa maskini, ilifanywa maskini, na tarakimu za deni lake zimehifadhiwa. Aprili 2025, miaka 200 baada ya amri ya Charles wa 10, Rais Emmanuel Macron alitangaza tume ya pamoja ya wanahistoria wa Ufaransa na Haiti, bila ya kuahidi malipo. Mwaka huohuo Umoja wa Afrika uliuchagua kuwa mwaka wa kudai fidia kwa Waafrika na watu wote wenye asili ya Afrika. Serikali za bara hili, na ile ya Kenya iliyowapeleka vijana wake huko, zina wajibu wa kulibeba dai la Haiti kama dai lao, kwa sababu fedha zilizochukuliwa kwa mtutu wa mizinga mwaka 1825 hazijarejeshwa hadi leo.